Mcheza Kwao Hutunzwa: Kuifurahia Sikukuu ya Taifa Katika Mji Mdogo

Kila Siku ya Madaraka (1 Juni), ya Mashujaa (20 Oktoba) na ya Jamhuri (12 Desemba), familia nyingi nchini Kenya hukaa mbele ya runinga kumtazama Rais akikagua gwaride katika uwanja ulio mbali na kwao. Saa hizohizo, pengine mwendo wa dakika chache kutoka hapo walipokaa, katika uwanja wa shule au wa mpira wa mji wao wenyewe, bendera inapandishwa, ngoma zinalia, na watoto wa majirani zao wanapiga gwaride mbele ya viti ambavyo vingi ni vitupu. Nakuomba sikukuu ijayo uizime runinga, uwachukue jamaa zako, mwende uwanjani. Siku kama hiyo inaweza kuwa ya raha tele au ya jua, kiu na vilio vya watoto, na kinachotofautisha hizo mbili ni maandalizi. Ndiyo maana ushauri mwingi katika makala haya ni wa mambo madogomadogo.

Sherehe kuu na sherehe ya kwenu

Tangu Madaraka ya mwaka 2016 iliposherehekewa Nakuru, sherehe kuu za Madaraka na za Mashujaa zimekuwa zikizungushwa katika kaunti: Nyeri, Meru, Narok, Kisumu, Embu, Bungoma na kwingineko. Ni jambo jema, lakini kaunti ni 47, na mji wako unaweza kungoja zamu yake miaka mingi. Sherehe isiyongoja zamu ni ile ya kaunti ndogo. Hapo Naibu Kamishna wa Kaunti ndiye hupokea heshima za gwaride, na ndiye husoma hotuba ya Rais. Wanaopita mbele yake ni polisi wa kituo chenu, askari wa magereza ikiwa kuna gereza karibu, maskauti, na vijana wa Msalaba Mwekundu. Baada yao huja kwaya, ngoma za jadi na mashairi yanayokaririwa na wanafunzi.

Watu wengi huidharau sherehe hii kwa sababu ni ndogo. Mimi naona udogo wake ndio utamu wake. Katika sherehe kuu unatazama kikosi; katika sherehe ya kwenu unamtazama mtu unayemjua. Yule msichana anayepiga ngoma mstari wa mbele ni binti wa fundi aliyekushonea sare za wanao. Yule sajini anayetoa amri kwa sauti nzito ndiye uliyemkuta juzi akinunua sukumawiki sokoni. Mwalimu anayeongoza kwaya amewafanyisha watoto mazoezi kila jioni baada ya masomo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini ni nani atakayemtunza ikiwa watu wa kwao wamebaki nyumbani?

Anza wiki moja kabla

Kwanza ulizia uwanja na saa. Tangazo rasmi aghalabu hupitia kwa chifu na wazee wa mitaa, na mara nyingi husomwa pia kanisani na msikitini. Usitegemee kwamba uwanja wa mwaka jana ndio wa mwaka huu, kwani kaunti ndogo nyingi huzungusha sherehe zake baina ya kata.

Pili, ulizia ni nani watakaoshiriki. Swali hili ndilo hubadilisha siku nzima. Mtoto akijua kwamba shule yake itaimba baada ya gwaride, au kwamba kaka wa rafiki yake yumo miongoni mwa maskauti, hatauliza kila baada ya dakika tano mtarudi nyumbani saa ngapi. Ana mtu wa kumngojea.

Tatu, ijue sikukuu yenyewe inaangukia wakati gani. Madaraka na Mashujaa huja shule zikiwa zimefunguliwa, kwa hivyo ndizo siku za kwaya, mashairi na michezo ya kuigiza ya wanafunzi. Jamhuri huja katika likizo ndefu ya Desemba. Kwaya za shule huwa chache, lakini jamaa wa mjini wamerudi mashambani, na unaweza kwenda na ukoo mzima. Kama kuna watoto wa shangazi au wa mjomba ambao wanao huwaona mara moja kwa mwaka, siku hiyo ndiyo ya kuwaweka pamoja.

Hali ya hewa nayo ina lake. Juni ni mwezi wa baridi nyanda za juu, na asubuhi ya Kericho au Nyahururu inahitaji sweta na chai ya chupa. Mwishoni mwa Oktoba mvua za vuli huwa zinabisha hodi. Desemba huko Voi, Garissa au Hola, jua la saa tano halina mzaha.

Jioni ya kuamkia sikukuu

Wasimulie watoto kisa cha siku hiyo kabla hawajalala, kwa ufupi. Madaraka ni tarehe 1 Juni 1963, Kenya ilipopata serikali ya ndani na Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Jamhuri ni tarehe 12 Desemba, siku ya uhuru kamili mwaka 1963 na ya nchi kuwa jamhuri mwaka uliofuata. Mashujaa inatokana na usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa na viongozi wa kupigania uhuru wakakamatwa. Sita kati yao walishtakiwa Kapenguria: Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Siku hiyo ilikuwa ikiitwa Kenyatta Day hadi Katiba ya mwaka 2010 ilipoifanya ya mashujaa wote.

Usiishie kwenye tarehe, maana mtoto hazishiki. Mweleze jambo ambalo mtoto wa mji mdogo atalielewa mara moja: sehemu kubwa ya kisa cha uhuru ilitokea katika miji kama wake. Kesi kubwa kuliko zote za enzi hiyo haikusikizwa Nairobi, ilisikizwa Kapenguria, kwa kuwa wakoloni walitaka mahali pa mbali. Kenyatta alifungwa Lokitaung, akazuiliwa Lodwar, kisha Maralal. Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 waliokuwa wamezuiliwa kambini walipigwa hadi kufa kwa kukataa kufanyishwa kazi ya shokoa, na kelele zilizozuka hadi katika bunge la Uingereza zilichangia kuuharakisha mwisho wa ukoloni. Mwaka 1938, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao, na kwa ajili hiyo akahamishiwa Lamu.

Kisha tafuta shujaa wa kwenu. Kwa Wagiriama yupo Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza miaka ya 1913 na 1914. Kwa Wanandi yupo Koitalel arap Samoei, aliyeuawa mwaka 1905. Mahali pengine shujaa hayumo vitabuni. Ni babu aliyefungwa, au nyanya aliyekuwa akipeleka chakula msituni usiku. Mtaje kwa jina. Kesho yake, maneno kuhusu mashujaa yatakaposemwa jukwaani, mtoto atakuwa na sura ya kuifikiria.

Asubuhi yenyewe

Ratiba mara nyingi husema saa mbili au saa tatu, na mgeni wa heshima huenda akafika baadaye. Hata hivyo fika mapema. Wa mapema ndiye hupata kivuli, na siku ya sikukuu kivuli ni mali. Mapema pia hakuna msongamano langoni, ambako mifuko hukaguliwa. Nenda na mfuko mmoja mwepesi, na uviache nyumbani visu vya matunda na chochote kitakachowapa askari maswali.

Mkiingia, angalia jua liko wapi kabla ya kuchagua mahali. Kaeni mgongo ukiwa mashariki, la sivyo mtakuwa mmekunja nyuso asubuhi nzima. Epukeni kukaa mbele ya spika. Sauti inayomfikia mtu mzima kama muziki humfikia mtoto mchanga kama radi. Mahali bora kwa wenye watoto ni karibu na mwisho wa mstari, pale gwaride linapokata kona. Hapo hapana msongamano, na kama mtoto akitaka kwenda msalani hamlazimiki kuruka miguu ya watu.

Wazee wana viti vyao, mara nyingi chini ya hema. Mpeleke nyanya au babu mapema, uwaombe maskauti wanaoongoza wageni wamkalishe mbele. Kama mmoja wenu anatumia kiti cha magurudumu, fanyeni vivyo hivyo, kwani uwanja ukishajaa ni vigumu kupenya.

Chukueni maji ya kutosha kila mtu, kofia, na leso mbili tatu. Leso ni mkeka, ni kivuli, ni taulo, na mtoto akisinzia ni shuka. Mwavuli ni mzuri ukiwa nyuma, lakini ukiufungua mbele umewanyima watu kumi haki yao. Chakula kizito kiacheni nyumbani kiwangoje. Bebeni mandazi, ndizi au viazi vitamu vya kuchemsha, na hela kidogo za kununua njugu, miwa, mayai au mahindi ya kuchoma nje ya lango. Kila mtoto mpe fungu lake mkononi asubuhi, na akubali kwamba likiisha limeisha. Utakuwa umejiondolea nusu ya mabishano ya siku hiyo.

Andika nambari yako ya simu kwenye kipande cha karatasi, ukitie mfukoni mwa kila mtoto mdogo. Kubalianeni mahali pa kukutana mkipoteana, na pawe mahali pasiposogea: mti mkubwa, lango la shule, tangi la maji. Gari la muuza aiskrimu halifai, maana litaondoka.

Namna ya kulitazama gwaride

Kwa asiyejua cha kutazama, gwaride ni watu wanaotembea pamoja. Kwa anayejua, ni kazi ya ufundi mkubwa, na mtoto wa miaka sita anaweza kufundishwa kuiona.

Mwambie atazame kona. Mistari inapogeuka, aliye upande wa ndani hupunguza hatua mpaka ni kama anakanyaga papo hapo, aliye katikati hutembea kwa kadiri, na aliye upande wa nje hutanua hatua ili asiachwe. Wote watatu wana mdundo mmoja wa ngoma, lakini kila mmoja ana urefu wake wa hatua. Wakitokea upande wa pili mstari ukiwa umenyooka, mpigieni makofi yule wa nje, kwa sababu ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi.

Kisha mwambie angoje gwaride lifike mbele ya jukwaa. Amri ikitolewa, vichwa vyote hugeukia kulia kwa mara moja, kumtazama anayepokea heshima. Lakini mara nyingi aliye mwisho upande wa kulia hageuki. Macho yake hubaki mbele, kwani yeye ndiye anayeushika mwelekeo wa mstari; naye akigeuka, wote watapinda. Mwache mtoto amtafute mwenyewe yule asiyegeuza kichwa. Akimpata, atalifuatilia gwaride mpaka kikosi cha mwisho.

Maskauti wadogo wakipita, mtaona wengine wamepotewa na hatua: ngoma inasema kushoto, yeye yuko kulia. Tazameni anavyoruka hatua ndogo ya kujirekebisha bila kusimama, na skafu imempinda shingoni. Huyo apigiwe makofi mengi kuliko polisi. Polisi kazi yake ni hiyo. Yule mtoto amejifunza kwa majuma machache, na amethubutu kutembea mbele ya mji mzima.

Wimbo, bendera na hotuba

Wimbo wa Taifa ukipigwa, simameni wima, kofia za wanaume chini, simu mfukoni. Uimbeni kwa sauti. Watoto huona haya kuimba wanapowaona wazazi wao wamefumba midomo. Wimbo huo una beti tatu, na wengi wetu hujikwaa kuanzia ubeti wa pili. Usiku wa kuamkia sikukuu ni wakati mzuri wa kuukumbushana nyumbani. Waambie pia kwamba sauti yake ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, katika wimbo wa mama wa kubembelezea mtoto. Ndiyo kusema wimbo unaowasimamisha majenerali ulianzia mgongoni mwa mama wa kijijini.

Bendera nayo waulizeni watoto kabla ya kuwaeleza. Nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, kijani ni ardhi na rutuba yake, nyeupe ni amani. Ngao na mikuki ni ulinzi wa hayo yote. Vibendera vidogo mtakavyonunua visitupwe chini baada ya sherehe. Mkivirudisha nyumbani, vitafaa mwaka kesho.

Hotuba ndizo huwashinda wengi. Ukweli ni kwamba huwa kadhaa, na ile ya Rais husomwa yote. Mimi nashauri hivi: walio chini ya miaka minane wapewe ruhusa ya kwenda kucheza nyuma ya uwanja na mtu mzima mmoja, kwa zamu. Walio wakubwa wakae, lakini wapewe kazi. Kila mmoja asikilize jambo moja linalouhusu mji wenu, barabara, zahanati, karo au maji, kisha alieleze wakati wa chakula cha mchana. Kijana wa sekondari akirudi na swali la kumuuliza mwakilishi wa wadi, hotuba hiyo imezaa matunda.

Wakati wa ngoma

Ngoma za jadi huwekwa baada ya gwaride au katikati ya hotuba, na hapo ndipo uwanja huamka. Nendeni na noti ndogondogo. Nyanya akitaka kuinuka amtunze mchezaji, mshike mkono umpeleke, na mtoto umpe noti naye aitoe. Mtoto aliyewahi kuiweka noti mkononi mwa mpiga ngoma wa kwao, akaona tabasamu lake, amejifunza heshima ambayo huwezi kumfundisha kwa maneno.

Ukiwa na simu, piga picha chache mwanzoni kisha uiweke. Ukipiga picha za watoto wa wenzio, usizisambaze bila ridhaa ya wazazi wao.

Ikiwa una kinyongo na serikali

Najua wapo wasiokwenda kwa sababu hawaoni cha kusherehekea. Gharama ya maisha imepanda, vijana wana shahada bila kazi, na wapo wazazi waliowazika watoto wao baada ya maandamano. Sitawaambia wayasahau. Nasema tu kwamba sikukuu hizi tatu zimeandikwa katika Katiba, hazikuandikwa na serikali yoyote iliyoko mamlakani, na haziondoki nayo. Waliokufa Hola hawakufa ili sisi tumpigie makofi kiongozi fulani. Unaweza kusimama kwa bendera, ukaketi kimya wakati wa hotuba, na bado ukawa umeiheshimu siku.

Kama una kijana nyumbani mwenye hasira, usimlazimishe wala usimcheke. Mwombe aje kwa ajili ya babu yake, kisha umwache aseme yaliyo moyoni mezani mnapokula. Nyumba ambamo mambo ya nchi huzungumzwa kwa uhuru, mkubwa na mdogo wakisikilizana, imeitendea haki sikukuu kuliko nyumba iliyopamba bendera mlangoni na kunyamaza.

Mchana na wazee

Mkirudi, msitawanyike. Chakula kizuri cha siku hiyo, pilau au ugali na nyama ya kuchoma, kila mtu kwa uwezo wake, kiliwe pamoja, na wazee wawe katikati. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1963 sasa amepita sabini. Hawa ndio mashahidi waliobaki, na kila mwaka wanapungua. Usimwulize babu swali pana la uhuru ulikuwaje. Atakujibu kwamba ulikuwa mzuri, na mazungumzo yataishia hapo. Mwulize alikuwa wapi siku ile bendera ilipobadilishwa. Walikula nini? Nani alichinja? Nani kijijini alilia, na kwa nini? Kijana mmoja arekodi sauti kwenye simu, na rekodi hiyo iwekwe zaidi ya mahali pamoja, ili simu ikipotea kisa kisipotee.

Jioni huwa kuna mpira wa vijana au mashindano ya kuvuta kamba. Wenye nguvu warudi uwanjani, wadogo walale.

Lililobaki ni shukrani. Ukikutana na yule mwalimu wa kwaya wiki hiyo, mwambie ni wimbo gani uliokugusa. Mpongeze mama wa yule skauti. Watu hawa hufanya mazoezi bila malipo, na wengi hawasikii neno lolote mpaka mwaka unaofuata. Na ikiwa mtoto wako atarudi nyumbani akikanyaga kushoto-kulia uani, akiwaamrisha wadogo zake wapange mstari, muulize kama angependa kujiunga na maskauti wa shule yao. Akikubali, shule ikifunguliwa mwone mwalimu anayesimamia chama hicho, uulizie bei ya sare na skafu, na uanze kuweka akiba sasa. Mazoezi ya gwaride huanza majuma kadhaa kabla ya sikukuu, na mji wenu unahitaji watoto wa kuujaza ule mstari.